Dorela Hakufa Jumapili Ile

Khayega,
S.L.P. 1143,
Kakamega.
27 Oktoba 1996

Mpendwa Kaka Wanzala,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Huko Gaborone mnaendeleaje? Kifua chako kimepoa, au lile vumbi ulilotuandikia bado linakusumbua? Mama anauliza kama unakula vizuri na kama huko kuna mboga za kueleweka, maana haamini kwamba mtu anaweza kuishi mwaka mzima bila mrenda. Nimemwambia utamjibu mwenyewe.

Sisi tupo. Siwezi kuandika kwamba tu wazima wa afya kama tulivyofundishwa shuleni, lakini tupo. Mvua inanyesha kila alasiri. Goti la Mama linamruhusu kufika kanisani na kurudi. Rachael, mjane wa ndugu yetu Cleophas, amekonda sana. Beverly wao yuko darasa la tatu na ameacha kuuliza baba yake atarudi lini. Nilidhani siku akiacha kuuliza nitapata nafuu. Sikupata.

Barua yako ya Agosti niliipata. Najua simu ya maandishi tuliyokutumia mwezi wa Juni haikukueleza chochote zaidi ya msiba wenyewe, na kwamba uliumia kukosa mazishi. Uliniuliza mambo matatu: Cleophas aliondokaje, je, ututumie kile kitabu cha tano cha Hadravel ulichokipata, na ni mfululizo gani wa hadithi uwashauri walimu wenzako mnaotaka kusoma pamoja. Nimechelewa kujibu kwa sababu nikianza kujibu moja najikuta katika lingine, na humo ndani kuna kitu nilichofanya ambacho sijamwambia hata Mama.

Cleophas alirudi kutoka karakana Jumamosi akisema kichwa kinamuuma. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu akawa anaongea maneno yasiyoshikana, tukampeleka hospitali Kakamega. Walisema malaria imempanda kichwani. Walijitahidi, Kaka, sina lawama nao. Jumatano tarehe kumi na tisa Juni, saa nne asubuhi, Rachael akiwa amemshika mguu na mimi nikiwa nimetoka kutafuta maji, akatuacha. Tulimzika Jumamosi. Jeneza lilitengenezwa katika karakana yake mwenyewe, mahali alipotengenezea wengine majeneza mengi kuliko vitanda miaka hii miwili.

Mbao za jeneza hilo alizipasua Khaemba. Wewe humjui, alianza kuja baada ya wewe kuondoka. Ni mpasua mbao wa upande wa Shinyalu, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akimletea Cleophas mbao tangu mwaka wa tisini na tatu. Kusoma Kiingereza hajui. Lakini muulize wafalme wote wa Hadravel, wale wa vitabuni, kwa mpangilio wao, atakutajia bila kukosea hata mmoja, isipokuwa kwamba kila penye r yeye ataweka l.

Unakumbuka ulipotutumia kile kifurushi cha kwanza, vitabu viwili vya Wafalme wa Hadravel vyenye majalada yaliyoliwa na panya? Hukujua ulichoanzisha. Cleophas alisoma cha kwanza kwa siku sita. Kisha akaanza kuwasimulia watu kwa Kiswahili, pale karakana, kila Jumapili baada ya ibada. Watu walikaa juu ya magogo na vitanda visivyo na miguu. Mwanzoni walikuwa kumi na zaidi. Waliobaki hadi mwisho tulikuwa wanne, na yeye wa tano: mimi, Khaemba, mkewe Ayuma, na Dinah, yule mwalimu wa darasa la kwanza aliyesoma nami. Dinah alikuwa na daftari la majina na ramani aliyoinakili kwa penseli za rangi.

Tulibishana mpaka watu wa sokoni wakadhani ni siasa. Siku moja nzima tulibishana kuhusu yule mzee wa Hadravel mwenye nguvu za ajabu, tumwite nani kwa Kiswahili. Dinah alisema mchawi. Ayuma akasema mchawi hawezi kuwa mtu mwema, labda mganga. Mama, aliyekuwa akipita na kikapu, akasema kama ni mganga basi sote tuondoke hapo tukatubu. Cleophas akaamua ataitwa mjuzi, na mjuzi akabaki.

Ayuma alikuwa na ulimi mkali, wa kuchekesha. Ndiyo maana alimpenda Dorela. Katika kitabu anaitwa Dorrel, ni mwanamke anayevusha watu mtoni kwa chelezo, ambaye jeshi la mfalme linamchukua kwa nguvu na yeye analitukana njia nzima. Dorela akisema neno, Ayuma alikuwa analirudia na kuongeza la kwake, na Khaemba anacheka huku amefunika mdomo kwa kofia. Baadaye hatukujua tena lipi ni la kitabu na lipi ni la Ayuma.

Mwisho wa Agosti mwaka wa tisini na nne Ayuma alifariki akijifungua. Mtoto naye. Baada ya matanga, Khaemba alikuja karakana Jumapili kama kawaida na akakaa pale pale, akiacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake. Nakumbuka Cleophas aliitazama nafasi ile kabla ya kuanza. Halafu akasimulia jinsi chelezo kilivyopinduka kwenye maporomoko, na jinsi Dorela alivyotoka majini akiwa amepoteza viatu, akimlaani nahodha, farasi wake na mama mzaa farasi. Khaemba alicheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, na sisi wengine tukaangalia sakafu.

Tangu siku ile Dorela alikuwa kila mahali. Alivuka mlima wa theluji. Alimkatalia mfalme chakula mpaka anawe mikono. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu cha kwanza tu. Niliviacha kwa sababu mfululizo niliopenda mimi ni ule mwingine, Ziwa Lililofunikwa, na wewe unajua jinsi nilivyokuwa mkaidi. Nilimsikiliza Cleophas kwa sababu ni ndugu yangu, lakini nilikuwa namkosoa. Katika kitabu cha kwanza nilimkamata akiupa msitu wa Hadravel miti ya msitu wetu wa Buyangu na mbega wa Buyangu, weupe na weusi wale wale. Nikamwambia kitabu kimeandikwa, kisomwe kilivyoandikwa. Yeye alinijibu, "Jael, wewe ni mpiga chapa. Kazi yako ni kunakili. Niache mimi."

Jumapili ya tarehe tisa Juni nilimwambia maneno makali mbele ya wenzetu. Nilisema anasimulia kama mlevi wa matangani, na kwamba siku moja nitasoma mwenyewe tujue ukweli. Alitabasamu tu, akaendelea kupiga randa. Hatukukaa tena Jumapili nyingine. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho kuhusu vitabu, Kaka, na unajua kwamba sisi wawili hatukuwa na mazungumzo mengine mengi.

Mwezi wa Agosti Dinah na Khaemba walinijia. Khaemba ndiye aliyeongea. Alisema, "Dada, tumebaki katikati ya kitabu cha nne. Yeye angetaka tumalize." Nikakubali. Rachael akatupa ufunguo wa karakana na vile vitabu vinne.

Jumapili ya kwanza nilifungua penye kijiti alichokuwa ameweka Cleophas, nikasoma nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Nilisoma vizuri, nilijiandaa. Mwishoni Khaemba akauliza, "Na Dorela amebaki wapi?" Nikasema huenda ni sura inayofuata. Jumapili ya pili nikasoma sura mbili. Akauliza tena. Dinah akaniambia haraka haraka tuishie hapo, mvua inakuja. Sikumwelewa.

Wiki ile nilisoma kitabu cha pili, asubuhi kabla ya kwenda kazini na saa ya chakula pale ofisini. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, chelezo kinapinduka kwenye maporomoko. Dorela anazama. Wanampata siku ya pili chini ya mto, na nahodha aliyekuwa akitukanwa ndiye anayemfunika kwa joho lake. Ni aya tatu, basi. Nikatafuta katika kitabu cha tatu na cha nne, jina lake halimo kabisa. Kule kuvuka theluji, kule kumkemea mfalme, miaka miwili ya Dorela, yote ilitoka kichwani mwa Cleophas. Pembeni mwa ule ukurasa alikuwa ameandika kwa penseli ya seremala: 11/9/94. K. amekuja. Hapana. Ni ile Jumapili Khaemba aliporudi baada ya matanga.

Sasa nakwambia lile jambo. Mtu mwenye moyo angekiweka kitabu chini na kufikiri. Mimi nilishikwa na hasira. Tangu Juni watu wananiambia Cleophas amelala tu, amesafiri, yuko mahali pazuri, na mimi ndiye niliyekwenda kutambua mwili. Nikaona hata yeye alikuwa mmoja wao, wa kuficha maiti kwa maneno. Na niseme kweli yote, kulikuwa na sauti ndani yangu iliyokuwa ikisema, unaona, nilikuwa sahihi.

Jumapili ya tarehe kumi na nane Agosti nilikwenda na kitabu cha pili. Nikasema leo tunarudi nyuma kidogo, kuna mahali tulirukishwa. Dinah akasema, "Jael, usifanye hivyo." Nikasoma. Nilisoma aya zote tatu, na sikupunguza kitu. Nikasoma hata lile joho.

Khaemba alichukua kofia yake, akaipiga mara mbili gotini kuondoa unga wa mbao, akatoka. Tulimsikia akisukuma baiskeli hadi barabarani bila kuipanda.

Dinah alikuwa analia. Nikamwambia mimi sikuandika kitabu. Akasema, "Nilikiazima Krismasi ya mwaka ule ule aliofariki Ayuma. Nilijua tangu zamani. Nilimwuliza Cleophas, akaniomba nisiseme, na sikusema. Hata wewe, kama ungemwuliza kwa upole, angekwambia." Kwa miaka miwili mimi peke yangu katika karakana ile sikuwa najua kinachofanyika, na mimi ndiye dada yake.

Khaemba hakuja Jumapili tatu. Mbao pia hakuleta, fundi aliyebaki karakana akawa ananunua kwingine. Katikati ya Septemba, Jumamosi, nilimfuata kwake. Nilimkuta uani akinoa msumeno. Alinipa kigoda, akaniletea chai, akaendelea kunoa. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi lakini yalitoka machache.

Akasema, "Dada Jael, ulidhani sikujua? Mimi sijasoma, lakini si mjinga. Dorela alianza kusema maneno ya Ayuma ambayo Ayuma alikuwa anasemanga nyumbani kwangu, si karakana. Cleophas alikuwa ananiuliza wakati tunapanga mbao. 'Ayuma angesema nini hapa?' Namwambia. Jumapili nayasikia."

Nikamwuliza kama alijua, basi kwa nini aliondoka.

Alipitisha tupa kwenye meno matatu au manne ya msumeno kabla ya kunijibu. Akasema, "Kujua najua. Lakini hakuna mtu alikuwa amenisomea kwamba amekufa. Wakati Ayuma alizikwa, mimi nilikuwa kama mtu amelewa, sikusikia mhubiri, sikusikia mtu. Wewe ndiye umenisomea." Kisha akasema, bila ukali, "Wewe unasoma vizuri. Soma na Dinah. Mimi sitakujanga tena."

Nilimaliza chai yangu kwa sababu kuiacha kungekuwa aibu nyingine. Alinisindikiza hadi barabarani, akaniomba nimsalimie Mama.

Basi ndivyo yalivyo, Kaka. Nilijaribu kurekebisha. Nilinunua daftari nikakaa siku mbili nikimtafutia Dorela njia ya kurudi katika kitabu cha nne. Niliandika kurasa saba. Anaongea kama barua ya ofisi. Cleophas alikuwa anasikiliza watu alipokuwa kazini, na mimi nilikuwa nasikiliza kama amekosea. Nilimwonyesha Dinah. Alizisoma zote, akazikunja vizuri, akanirudishia bila neno, na Dinah ni mtu wa kusifu hata insha ya mtoto wa darasa la kwanza.

Tunaendelea sisi wawili. Jumapili zingine tunasoma, zingine tunafagia tu. Rachael anasema karakana itabidi apewe mtu mwingine mwakani.

Kuhusu walimu wenzako, nimefikiri sana. Zamani ningekwambia bila kusita waanze na Ziwa Lililofunikwa. Bado ni mzuri. Ni vitabu vitatu tu na hadithi imekwisha, hakuna kusubiri. Uchawi wa mle una bei yake, kila anayeutumia anasahau uso wa mtu mmoja, na mwandishi hamwonei mtu huruma. Kwa mtu anayesoma peke yake, mpe huo. Lakini nyinyi mnasoma pamoja, kwa hiyo anzeni na Hadravel. Waambie wasiogope zile kurasa arobaini za koo za wafalme mwanzoni, wazipite, watazirudia wenyewe wakishapenda. Kitabu cha pili ndicho bora kuliko vyote, naweza kusema hivyo sasa. Cha tatu kina mzingiro wa mji usiokwisha, hapo wengi watachoka, msiwacheke. Cha nne kinaanza polepole kisha kinakimbia. Ule mfululizo mwingine wenye joka jekundu kwenye jalada, ambao umesema uko kwa wingi madukani, uache. Nilisoma viwili. Shujaa hachomwi hata na mwiba, na nchi nzima haina mtu anayepika.

Mkisoma pamoja, angalia aliyekaa karibu nawe kabla ya kufungua ukurasa. Sina ushauri mwingine.

Kitabu cha tano kitume. Kitume kwa Dinah, si kwangu, shuleni kwake, anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nitakueleza sababu. Alhamisi wiki iliyopita nilitoka kazini mapema nikapitia karakana kumpelekea fundi chakula. Khaemba alikuwa nje, anashusha mbao. Ni mara yake ya kwanza tangu Agosti. Tulisalimiana. Alipanga mbao zake zote ukutani, akahesabu, akafunga kamba kwenye baiskeli. Kisha akauliza, akiangalia kamba, "Mumefika wapi?"

Nikasema tumefika mfalme anapokataa kutia sahihi.

Akafikiri. Akasema, "Hiyo lazima ilete vita." Nikasema ndiyo, naona hivyo. Akasema, "Mwambie Dinah, anakuwanga anapita karibu na kwangu Jumatatu akitoka shule. Anaweza kunieleza kwa kifupi." Akapanda baiskeli akaenda.

Dinah alimweleza Jumatatu. Alirudi akaniambia alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, yote kuhusu mfalme. Kwa hiyo ndivyo tunavyosoma sasa: mimi natafsiri Jumapili, Dinah anabeba Jumatatu. Kinachomfikia Khaemba kimepita katika mdomo wa mtu mwenye huruma kwanza. Naona ni sawa. Siulizi Dinah anaongeza nini njiani.

Mama anakusalimu sana, anasema umekonda kwenye ile picha. Rachael na Beverly wanakusalimu. Beverly anaomba stempu za huko, zenye wanyama. Dinah anakusalimu na anashukuru kwa vitabu vyote vinne, maana hakuna aliyewahi kukushukuru kama inavyopaswa. Wasalimie hao walimu wenzako, na mwenye nyumba wako aliyekupa dawa ya kifua.

Khaemba sijamwambia kwamba nakuandikia. Ukija Desemba utakutana naye, utampenda. Lakini usimpe salamu zangu. Nataka siku moja nimpe mwenyewe.

Mungu akulinde safarini na akurudishe ukute hata wachache waliobaki.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukumbuka,

Jael Muhonja